Sikio la Kushoto

Kazi ya maabara niliipata kwa sababu sikuogopa kuua panya. Wanaume wawili waliojaribiwa kabla yangu walishindwa. Mmoja aliumwa kidole, akamwachia panya akapotelea chini ya kabati. Wa pili alimshika vizuri, lakini akakaa anamtazama mpaka Daktari akamwambia aende zake nyumbani. Mimi nilimshika mkia, nikamzungusha, nikamgonga kichwa kwenye ukingo wa meza ya saruji, nikamlaza chali kwenye sinia. Daktari aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nimezaliwa Mnyuzi, kwetu mahindi tuligawana na panya kila mwaka, na mgawo wenyewe haukuwa wa haki. Akacheka, akaniambia nianze Jumatatu.

Ilikuwa kazi ya nusu siku. Asubuhi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapo Korogwe. Kengele ya mwisho ikilia najipangusa chaki, napanda baiskeli na kukatiza mashamba ya mkonge hadi kwenye nyumba ya zamani ya msimamizi, ambayo serikali ilikuwa imeigeuza maabara. Huko navaa koti jeupe lenye madoa yasiyotoka hata kwa majivu. Jumamosi na likizo nilikuwa wa maabara kutwa. Sikuwa na mume wakati ule, na mama yangu alisema kwa mwendo huo sitampata, maana kila nikienda kumsalimia alininusa mikono kwanza ndipo anipakulie chakula.

Watu waliposikia neno utafiti walidhani tunakaa tunasoma vitabu. Tulikuwa tunamwaga damu. Tulifuga mbung'o ndani ya vikopo vya wavu, na mbung'o hali kitu kingine isipokuwa damu, kwa hiyo tulikuwa na mbuzi aliyefungwa nguzoni, ubavu umenyolewa hadi ngozi, na mimi ndiye niliyemkandamizia vikopo ubavuni mpaka wale wadudu washibe na kuvimba matumbo mekundu. Mbuzi alilia kila siku. Wakishashiba niliwang'oa vichwa, nikawapasua kwa sindano mbili chini ya kioo, nikatafuta vijidudu vya nagana, ule ugonjwa unaoua ng'ombe, kwenye utumbo na mate yao. Panya tuliwachoma damu ya ng'ombe wagonjwa, tukangoja waugue, halafu unajua zamu ya ukingo wa meza. Ilikuwa kazi ya ukatili na sikuichukia. Niseme kweli, baada ya asubuhi nzima ya kuwaambia watoto wa watu wakae kimya, mikono yangu ilikuwa inataka kitu.

Daktari alikuwa mtoto wa milimani, Dindira, aliyesomeshwa nje akarudi na hadubini mbili na hasira za kutosha tarafa nzima. Nazijua hasira, zangu pia hazikuwa ndogo. Siku moja nilikosea kuchanganya dawa ya kutia damu rangi, ikawa nyepesi kama chai ya msibani. Akairusha chupa, ikapasukia ukutani pembeni ya kichwa changu. Nikaokota chupa nyingine, nikairusha, ikapasukia pembeni ya kichwa chake. Tukatazamana. Kisha akaniuliza kama tumebakiwa na chupa, nikamwambia ipo moja, na kuanzia siku hiyo tulielewana.

Swali aliloletwa kulijibu lilikuwa wazi. Ilikuwa miaka ya vijiji, na watu wa Handeni walikuwa wanatolewa porini walikotawanyika na kukusanywa mahali pamoja. Wafugaji nao, waliokuwa wakihamahama kwenye zile mbuga kavu, walipangiwa kijiji kando ya bwawa jipya. Likachimbwa pia josho la kuogeshea ng'ombe. Lakini pande tatu za bwawa lile zilikuwa vichaka vya mbung'o, na serikali ilitaka kujua ng'ombe watakufa kwa kasi gani wakishawekwa hapo. Daktari alihitaji damu ya wanyama pori wa vichaka vile, na damu ya ng'ombe kabla na baada ya kuhamishwa.

Damu ya wanyama pori ilikuwa kazi ya Bwana Nyama. Hivyo ndivyo tulivyomwita askari wa wanyamapori aliyepewa Landrova na bunduki atuendeshe na kutuulia, mtu mrefu, mkimya, aliyekulia karibu na wafugaji na kusema Kimaa, lugha yao. Alipiga ngiri, tohe, na siku moja nyati. Yule nyati simsahau. Risasi ya kwanza ilimvunja bega. Alikaa chini taratibu kama mzee anayetafuta kiti, akainuka, akaja. Risasi ya pili ilimpiga shingoni, akaanguka akiwa bado anasukuma ardhi kwa miguu ya nyuma. Kazi yangu ilikuwa kukimbia na chupa wakati damu ingali moto, kabla haijaganda, kwa hiyo nilipiga magoti shingoni mwake akiwa hajafa. Aliponirushia teke la mwisho alivunja chupa na kucha ya dole gumba langu. Nililia kwa maumivu na kuendelea kukinga damu kwa kifuniko.

Watu wakatoka vichakani kwa ajili ya nyama kabla hata hatujafunga vyombo. Waliuliza kwanza kama amechinjwa, Bwana Nyama akawaonyesha koo alilolikata, na hapo adabu ikaisha. Wawili walishikilia paja moja. Hawakutukanana; mmoja alishusha panga na mwenzake hakutoa mkono. Vidole viwili vilibaki kwenye majani. Nilimfunga mkono kwa pamba ya maabara, naye muda wote alikuwa anamwambia mwanamke wake asiliachie paja. Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya darasa la tatu nikifundisha sehemu za ua.

Ng'ombe tuliwafuata kwenye maboma. La kwanza, na la pekee tuliloweka alama, lilikuwa la mama mmoja mjane, makamo ya mama yangu, kichwa kimenyolewa, mgongo umenyooka. Bwana Nyama alimsalimia kwa Kimaa, "Takwenya," naye akaitikia "Iko" bila kumtazama, kwa sababu alikuwa anatutazama sisi na visinia vyetu. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alimwachia mwana mmoja mkubwa, kijana wa kuoa, na kundi la ng'ombe lisilozidi mahitaji yao. Bwana Nyama alitueleza njiani kwamba mama yule hana shamba wala ndugu wa karibu. Wale ng'ombe ndio maziwa anayokunywa, ndio mahari ya mwanawe, na ndio sababu ya watu kumwita mama badala ya ombaomba.

Tulitoa damu kwenye mshipa wa sikio. Unalivuta, unachoma, tone linaanguka kwenye kioo, unalitandaza. Shida ilikuwa alama, maana tulihitaji kuwatambua ng'ombe wale wale tukirudi baada ya miezi. Rangi tuliyowapaka ng'ombe wa Korogwe mgongoni ilikuwa imeshaoshwa na dawa ya josho. Basi Daktari alikuwa ameagiza koleo la kukatia masikio, jipya, linang'aa, na alilipenda kama mtoto anavyopenda manati. Hakuniruhusu hata kulishika. Mimi nilibana pua za ng'ombe kwa koleo jingine, la pua, yeye akakata: pembetatu ndogo kwenye ukingo wa chini, sikio la kushoto. Ng'ombe walipiga kelele, damu ikatiririka kwenye mikono yetu sote, na vipande vya nyama vikawa vinaanguka kwenye samadi.

Tulipofika kwa ng'ombe wa tatu au wa nne, yule kijana alishika rungu lake. Mama akamwekea mkono kifuani. Akamgeukia Daktari na kumuuliza kwa Kiswahili chake, "Hii alama mmetoa wapi?"

Daktari akamjibu kwamba ni alama ya kazi, ya serikali. Mama akarudia neno lile, serikali, akamwambia mwanawe jambo kwa Kimaa, kijana akashusha rungu. Siku zile kila kilichoshuka kwenye Landrova kilikuwa serikali, na serikali haikuulizwa mara mbili.

Tukiwa garini Bwana Nyama alisema mikato ile si ya kuchezea, kwa wafugaji kila boma lina wake. Daktari alisema ng'ombe wana masikio mawili, wakigombea moja watumie la pili. Mimi nilicheka. Hebu fikiria tulikotoka. Kwao Dindira watu hufuga ng'ombe mmoja au wawili, wamefungwa nyuma ya nyumba, wanakatiwa majani na kuletewa; nani atamwekea alama ng'ombe anayelala ukuta mmoja na baba yako? Kwetu Mnyuzi tulikuwa na kuku, na kuku tuliwafunga kitambaa mguuni, akipotea kitambaa unafunga kingine. Sikio la ng'ombe, kwetu sisi wawili, lilikuwa sikio. Kwa wafugaji ule mkato ni jina. Na pembetatu ya ukingo wa chini, sikio la kushoto, ilikuwa jina la mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo, ambaye aligombania kisima na marehemu mume wa yule mama mpaka siku walipomzika.

Hilo tulikuja kulijua miezi michache baadaye, tuliporudi kutoa damu ya pili. Hatukukuta boma. Tulikuta moshi. Mgambo walikuwa wamepita asubuhi hiyo kuwahamisha watu kwa nguvu, vijana wa vijiji vya jirani, wakulima watupu, wengine niliwafananisha na kaka za wanafunzi wangu. Nyumba ya mama yule, ya fito na samadi, ilikuwa inaungua bila haraka. Ndama aliyekataa kutoka zizini alikuwa amepigwa kitako cha bunduki mgongoni, amelala anainua kichwa na kukishusha, nyuma hakuna kinachosogea. Bwana Nyama alimmaliza. Mwana wa yule mama alikuwa ameketi chini, mikono imefungwa kwa kamba ya mkonge, midomo imepasuka. Mama alikuwa amesimama na kibuyu chake kimoja, ndicho alichowahi kukitoa. Nikamwambia shikamoo, mama. Akaitikia marahaba kama vile tumekutana sokoni, na hilo liliniumiza kuliko moto.

Maboma yote yaliswagwa siku ile hadi bwawani, ng'ombe wa huyu na wa yule wakawa bahari moja. Josho lilikuwa keshokutwa yake, kwa hiyo kesho yake ilikuwa lazima watenganishwe kwanza. Sisi tulikuwepo na visinia vyetu, tukingoja kutoa damu. Wafugaji waliita ng'ombe zao, na ng'ombe wakaanza kujipanga wenyewe, maana mfugaji anawajua wake kama mwalimu anavyowajua wanafunzi, kwa mwendo na kwa makosa. Ndipo yule mzee wa kisima alipotembea hadi kwenye kundi la mjane, akashika sikio la ng'ombe wa kwanza, akamwita mwenyekiti wa kijiji aje kuona.

Mwenyekiti alikuwa mkulima wa mahindi, Mzigua mwenzangu, mtu aliyewekwa na chama kuongoza watu ambao lugha yao hakuijua. Hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na alitaka jambo linaloonekana. Mzee alimwonyesha mikato kwenye masikio ya kundi lake mwenyewe, kisha mikato ile ile kwenye masikio ya kundi la mjane, akasema marehemu alimwibia, na sasa Mungu amewaleta. Wafugaji waliokuwa pale walijua wazi kwamba ni uongo. Yeye mwenyewe alijua. Hakuwaita hata ng'ombe mmoja kwa jina lake. Lakini baadhi yao walikuwa jamaa zake, na waliobaki walikuwa wametoka kuchomewa nyumba jana yake na hawakutaka kesi nyingine na serikali. Mwenyekiti aliwatazama ng'ombe, akasema alama ni alama.

Nilisubiri Daktari aseme. Alikuwa amesimama kando yangu, anafuta miwani kwa pindo la shati. Alipoendelea kufuta miwani iliyokwisha takata, nikapita mbele mimi. Nilimwamkia mwenyekiti, nikamwambia mikato ile ni ya maabara yetu, tuliikata sisi, kwa koleo, nikiwa nimewashika hao ng'ombe pua. Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akamgeukia Daktari na kumuuliza kama ni kweli.

Daktari alikuwa na kibali cha kutoa damu. Cha kukata hakuwa nacho, na wilayani walikuwa wameshamwonya asiwasumbue wananchi, kazi isije ikafungwa. Yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilimsikia tu akisema, kwa sauti ya chini, kwamba maabara hutumia rangi.

"Na huyu dada?" mwenyekiti akauliza.

"Huyu ni kibarua," Daktari akasema. "Anakuja nusu siku."

Baadhi ya mgambo walicheka. Mwenyekiti akaamua kwamba kesho asubuhi, wakishaoga wote, ng'ombe wenye mkato wakabidhiwe kwa mzee. Yule mama alisimama akimsikiliza mtu wa kumtafsiria mpaka mwisho, halafu akaondoka na mwanawe bila kumtazama yeyote. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yananitoka, na nikimwona mtu anafikiri nalia kwa huzuni hasira zinazidi.

Ndani ya Landrova, tukielekea nyumba ya wageni ya serikali, nilimwambia Daktari amesema uongo. Alisema mimi sielewi uzito wa utafiti, kwamba majibu yake yataokoa ng'ombe wa wilaya nzima, na hawezi kuyapoteza kwa ajili ya kundi moja. Nikampiga kofi. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe, na ulikwenda vizuri, miwani ikaangukia miguuni kwa Bwana Nyama, ambaye aliendelea kuendesha kama vile ameingia nzi. Daktari akalishika shavu lake. Kisha akasema nimefukuzwa kazi, lakini kesho nishike sinia, kwa sababu hakuna mwingine.

Nilishika sinia. Asubuhi ng'ombe waliletwa kwenye josho, na wanaojua josho wanajua kwamba kuna kichochoro cha miti, chembamba, ambamo ng'ombe wanapita mmoja mmoja kabla ya kurukia dawa. Zamu ya kundi la mjane ilipofika, yeye alisimama upande mmoja wa mdomo wa kichochoro na mwanawe upande wa pili. Mwenyekiti alidhani wanaaga ng'ombe wao, akawaacha. Kijana akamshika wa kwanza pembe na kumgeuza shingo. Mama akatoa kisu kifupi kwenye mkunjo wa nguo, akashika sikio la kushoto shinani, akalikata lote.

Lilianguka kwenye tope. Ng'ombe akarusha kichwa na damu ikawarukia usoni wote wawili, akajitupa kwenye dawa akiwa anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa ng'ombe. Wa pili alikuwa ameshaingia. Mama akashika, akakata. Mgambo walikodoa macho, mmoja akasema mwanamke ameingiwa na wazimu. Mzee ndiye aliyeelewa mapema kuliko wote kwamba kila sikio linaloanguka ni ng'ombe mmoja anayemponyoka.

Alikuja mbio kuliko nilivyodhani mzee anaweza. Rungu lake lilimpiga kijana usoni, juu ya jicho la kulia, kwa mlio mkavu. Kijana hakuachia pembe. Mama akakata. Mzee akapiga tena, pale pale, na jicho likaharibika hapo hapo mbele yetu. Kijana akaanguka kwa magoti. Mzee akainua rungu juu ya kichwa kilichonyolewa cha yule mama, naye hata hakuinama, alikuwa anajaribu kumshika ng'ombe peke yake kwa mkono mmoja.

Bwana Nyama alipiga risasi hewani. Ng'ombe waliokuwa nyuma wakapandiana, mti mmoja wa kichochoro ukavunjika. Mgambo walishtuka, wakamrukia mzee, wakamwangusha na kumpiga mateke, na kwa kuwa hawakujua nani ni nani wakampiga mateke na kijana aliyekuwa ameshika jicho lake. Bwana Nyama aliwasukuma kwa kitako cha bunduki mpaka wakamwacha. Mama hakugeuka. Nilimwona anataka kugeuka, shingo yake ilitetemeka kwa kutaka, lakini ng'ombe alikuwa mbele yake, na wengine nyuma ya huyo.

Nikaweka sinia chini. Sijui kama niliiweka au niliiacha ianguke. Vioo vyote vilivunjika. Nilipanda ile miti, nikasimama alipokuwa kijana, nikambana ng'ombe pua kwa koleo langu la pua na kumvuta kichwa upande wake. Mama alinitazama mara moja. Sikuona shukrani wala lawama, aliangalia tu kama nimemshika sawasawa. Akakata. Nikaachia, akapita, nikabana mwingine. Mikono ilikuwa inateleza, kisu kilianza kuwa butu, ikabidi avute kama anayekata kamba. Tuliendelea hivyo, na tope lililokuwa chini ya miguu yetu likawa jekundu, masikio yamelala humo na manyoya yake.

Daktari alikuwa upande wa gari akipanga chupa. Risasi ndiyo iliyomleta, na umati ulimchelewesha. Alipofika mbele na kuona masikio chini, alinitazama mimi kwanza, akaniona nimeshika koleo la pua, na hasira zile nilizozijua zikampanda.

"Mwacheni! Mzuieni huyo!" akapaza sauti, amekwisha kushika miti ya kichochoro. "Hizo alama ni zangu. Nimezikata kwa mkono wangu, moja moja, na huyu anazifuta. Miezi yote ya kazi, anaifuta."

Hakuna aliyemzuia mtu. Mwenyekiti alikuwa hatua chache kutoka kwake, kofia mkononi, suruali imelowa dawa ya josho.

"Alama za nani, Daktari?" akauliza.

Daktari alifungua kinywa. Nilimwona akiyatafuta maneno ya jana, ile rangi, yule kibarua, na nilimwona akitazama tope na kujua kwamba hayamsaidii tena. Mwenyekiti akamuuliza mara ya pili, polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyevunja kitu.

"Za maabara," Daktari akasema.

Mwenyekiti alivaa kofia, akaivua. Alimtazama mzee aliyelala kifudifudi chini ya viatu vya mgambo. Alimtazama kijana, aliyekuwa amekaa ameegemea mguu wa Bwana Nyama, kitambaa kilichojaa damu usoni. Akasogea kwenye kichochoro, akatutazama sisi wawili tulivyokuwa. Ng'ombe mmoja alikuwa amebaki, jike mweupe mwenye mimba, nami nilikuwa nimeshambana pua.

"Basi, mama," mwenyekiti akamwambia. "Inatosha. Ng'ombe ni wako."

Nililegeza koleo. Yule mama akanigusa mkono nisiachie, akashika sikio shinani.

"Najua ni wangu," akasema, akakata.